Hatua Ishirini za Alfonsi Ntandu

Mimi Germana nina mdomo, nakubali, na mume wangu Yohani yuko tayari kula kiapo juu ya hilo. Lakini hata mdomo huu uliwahi kukosa la kusema, na aliyeukosesha ni manamba mmoja wa Singida ambaye kwa miaka mingi sikumwita kwa jina lake. Nilimwita "yule wa shambani". Kijiji chetu kizima cha Daa tulimwita hivyo. Jina lake ni Alfonsi Ntandu, na leo hii ukilitaja vibaya mbele yangu tutakosana mimi na wewe.

Alikuja mwaka wa sitini na tatu juu ya lori, yeye na vijana wenzake wa Kinyaturu, kuchuma kahawa katika shamba la mzungu mmoja kule upande wa Oldeani. Vibarua wa mkataba kama wao ndio tuliowaita manamba. Walikuja na blanketi moja moja, wakamaliza msimu, wakarudi kwao. Alfonsi hakurudi. Alijifunza kupogoa mikahawa, kisha akajifunza kuunga mabomba ya maji ya pale kiwandani, kisha akamwoa Ester, binti wa kibarua kutoka Dodoma. Vibarua walipopunguzwa, akashuka kwetu Daa na sururu begani, mke nyuma na watoto wawili, akajenga kibanda cha udongo ukingoni mwa korongo. Hapo hapakutakiwa na mtu yeyote, kwa sababu mvua za masika zinakula ardhi kidogo kidogo kila mwaka. Yeye akapanda matete na minyaa, korongo likatulia. Sisi tukaona ni bahati yake tu.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimtukana anacheka. Ukimpa jembe lililolegea mpini, analirudisha limekaza, wala hasemi kitu. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumsahau, na sisi tulimsahau vizuri sana.

Sasa, mambo yenyewe yalitokea mwaka wa sabini na saba. Wakati huo maji yetu yalikuwa juu, kwenye chemchemi ya ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. Kwenda ni mwendo wa saa nzima, kurudi na debe kichwani ni zaidi. Na nyati wako kule. Mimi mwenyewe nilipanda mti siku moja, mama mzima na kitenge changu, nyati yuko chini ananusa debe langu. Nilikaa juu mpaka jua likageuka. Yohani alipokuja kunitafuta alicheka mpaka akakaa chini, na sikumpikia siku mbili.

Basi mwezi wa tano katibu wa kijiji, Xavery, alituita mkutanoni akatusomea barua kutoka wilayani Mbulu. Serikali inatoa msaada kwa vijiji vinavyojitolea. Itatuletea mabomba, saruji na fundi. Sisi tuchimbe mtaro kutoka chemchemini hadi kijijini. Bwana Maendeleo wa wilaya atakuja kukagua, na akikuta mtaro umekamilika toka mwanzo hadi mwisho, lori la mabomba linakuja. Akikuta haujakamilika, mabomba yanakwenda kijiji kingine kilichopo kwenye orodha. Loo! Wanawake tulipiga vigelegele hata kabla hajamaliza kusoma.

Mtaro ukagawanywa kwa nyumba kumi kumi. Kila nyumba hatua ishirini, kina cha kiuno. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, mwanamke pekee, na nilijivuna nalo, kwa nini nikufiche? Nilipima hatua za watu wangu kwa miguu yangu mwenyewe nikaandika majina kwenye daftari. Kanuni ilikuwa moja: aliyechimba ana haki ya bomba. Asiyechimba aendelee na nyati wake.

Asubuhi ya pili Alfonsi akaja nyumbani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama balozi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimekuja kuchukua hatua zangu."

Nikamwambia nyumba kumi ni kumi, na kumi zangu zimetimia. Aende kwa Boazi. Boazi ndiye balozi wa ng'ambo ya pili ya korongo.

"Nimetoka kwake," akasema. "Amesema mimi ni wako."

"Korongo ni la Boazi!"

"Yeye anasema ni lako."

"Basi mwambie ni lake. Na hata hivyo wewe utachimba ya nini? Msimu ukiisha mnarudi kwenu Singida."

Akatabasamu kidogo. "Miaka kumi na minne, mama balozi. Ni msimu gani huo?"

"Usinijibu," nikamwambia.

Akaivaa kofia yake, akaaga, akaenda. Nilisikia vibaya kidogo, lakini maharage yalikuwa motoni na nikasahau. Ester sasa ndiye ninayemfikiria. Alikuwa mjamzito wa mtoto wa tatu, na njia ya chemchemini ilikuwa hiyo hiyo. Alfonsi hakuwa anaomba heshima ya kuandikwa kwenye karatasi tu. Aliomba nyumba yake ihesabiwe, ili mkewe achote maji kama wake za watu wengine.

Kazi ikaanza. Juni, Julai, baridi ile ya kwetu ya kukata masikio, vumbi jekundu mpaka kwenye ugali. Tukachimba tukiimba. Alfonsi alipita kila siku akasimama pembeni, mikono nyuma. Siku moja akasema, "Hapo juu mmepandisha mtaro, hewa itakwama kwenye bomba." Tukamwambia aende zake. Kesho yake Yohani akapapunguza pale pale alipooneshwa, kimyakimya, akidhani sijamwona.

Katika nyumba zangu kumi, moja ilikuwa ya Qamara na mkewe Bibiana. Qamara alikuwa bado hajatia jembe kwenye hatua zake, alikuwa anamalizia kuvuna ngano, na alipoumwa homa hakuna aliyeshtuka. Siku tatu tu, amekufa. Mwanamume mwenye nguvu vile!

Sasa hapa lazima nikueleze jambo, wewe usiye wa kwetu. Sisi Wairaqw tuna desturi tunaiita metimani. Nyumba iliyofiwa namna ile hukaa peke yake kwa muda mrefu. Wenye nyumba hawaingii kwa watu, ng'ombe wao hawachungwi na ng'ombe wa wengine, hawachoti maji mahali pamoja na watu, hawalimi shamba moja na watu. Na watu nao hawagusi kazi ya nyumba ile. Tunaogopa msiba usitembee. Mapadri wametusema sana, na wengi tumebatizwa, lakini desturi ni desturi. Bibiana akakaa ndani ya mipaka yake na watoto wake, akichota maji ya dimbwi peke yake upande wa chini. Kutoka kuchimba mtaro wa kijiji hawezi. Na kumchimbia, nani atathubutu?

Kwa hiyo jirani wa juu akachimba mpaka mpakani mwa hatua za Qamara akaacha. Jirani wa chini naye akaja mpakani akaacha. Katikati nyasi zikabaki zimesimama, hatua ishirini. Tulipita pale kila siku na hakuna aliyesema kitu. Kusema kungekuwa kama kumsukuma mjane. Kila mtu alijiambia ukaguzi ni baada ya mavuno, Mungu ataleta njia.

Jumapili moja baada ya misa Xavery akatuita mabalozi, uso umemshuka. Barua nyingine. Bwana Maendeleo anakuja Alhamisi. Alhamisi hii! Kijiji kinachofuata kwenye orodha kimemaliza mtaro wao na kinangojea mabomba yetu kwa hamu.

"Tuko tayari," mabalozi wengine wakasema.

Xavery akanitazama mimi. "Germana?"

Nikasema, "Nitaona."

Jumatatu kulipopambazuka nikachukua jembe. Nikajiambia mimi ni Mkristo, naimba kwaya, nawagombeza wanawake wanaofunga hirizi watoto. Udongo ni udongo. Nikafika, nikainua jembe. Haki ya Mungu, mkono ulikataa. Niliwaza watoto wangu watano, mmoja mmoja kwa jina. Nikalishusha. Nikageuka, nani huyu amesimama nyuma ya kichaka na jembe begani? Boazi.

"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Natazama tu. Na wewe?"

"Natazama."

Tukatazama wote wawili zile nyasi. Mwisho Boazi akakohoa. "Yuko mtu ambaye desturi hii haimfungi," akasema. "Yule wa shambani."

"Nenda kamwambie basi."

"Hatua ni za nyumba kumi zako."

"Korongo ni lako, Boazi! Si umemfukuza wewe?"

"Na wewe je?"

Tulibishana pale kama watoto, na jua linapanda. Mwisho nilikwenda mimi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na kila nililopanga lilikuwa na aibu ndani yake.

Nikawakuta wanakunywa chai. Ester akanipa kigoda na kikombe na kiazi kitamu, na tumbo lake kubwa lile, wala hakununa. Afadhali angenuna.

"Leo mama balozi umepotea njia?" Alfonsi akaniuliza.

Nikamweleza. Nilieleza haraka haraka huku natazama kikombe. Kisha nikasema lile nililoona ni wema mkubwa: "Ukizichimba hizo hatua, nitaandika jina lako juu yake. Utakuwa nyumba ya kumi, badala ya Qamara."

Alfonsi akaweka kikombe chini. "Na Bibiana je?"

Sikuwa nimefikiri hilo. Naapa, sikuwa nimelifikiri kabisa.

"Nataka kuhesabiwa, mama balozi," akasema. "Unajua ninavyotaka. Lakini siwezi kumpokonya mjane maji yake ili mimi nipate yangu. Nitachimba. Ila kwanza nimwulize mwenyewe."

Akaenda, mimi nyuma yake. Akasimama mbali, kwenye ukingo wa shamba la Bibiana, akavua kofia. "Mama!" akaita. "Pole na msiba. Ni mimi Alfonsi wa korongoni. Wamekosa mtu wa kuchimba hatua za mzee. Nikizichimba utaona vibaya?"

Bibiana alitoka mlangoni. Sikuwa nimemwona tangu mazishi. Amekonda, jamani. Akasema, "Chimba. Lakini ziwe za Qamara."

"Zitakuwa za Qamara," Alfonsi akajibu.

Siku ile ile akaanza. Yeye na sururu, Ester na karai, hali ile ile ya ujauzito mpaka nikamfuata nikamnyang'anya karai. Udongo ulioinuliwa niliutupa mimi, nikiwa nimesimama nje ya mpaka, mguu haukanyagi. Ndiyo, niliogopa mpaka mwisho. Nisemeje sasa? Jumatano jua likiwa bado juu, akatoka upande wa pili. Kuta zimenyooka, chini kumesawazishwa. Mtaro wote ukawa mmoja.

Alhamisi Bwana Maendeleo akafika na Landrova ya kijani. Saruni ndilo jina lake, kijana mrefu wa Kimasai aliyesoma, na fimbo ya kupimia. Alitembea mtaro mzima kutoka chemchemini, kijiji kizima nyuma yake. Huku akisema kina ni kifupi, kule akisema sawa. Alipofika kwenye hatua za Qamara akasimama, akaingia ndani, akapitisha kiganja ukutani.

"Nani amechimba hapa?"

Nikasema, "Alfonsi Ntandu." Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka.

Akafungua orodha. "Hapa pameandikwa Qamara."

"Ni za Qamara, bwana," Alfonsi akasema. "Usifute. Mjane wake ni Bibiana, maji ni yake."

"Na wewe umeandikwa wapi?"

"Mimi sipo."

"Hupo vipi? Unaishi wapi?"

"Hapo korongoni. Tangu zamani."

Saruni akanigeukia. "Balozi, imekuwaje?"

Na hapo ndipo mdomo wangu uliponikimbia. Nilifungua, hakikutoka kitu. Watu mia mbili wananitazama. Kisha nikaanza kulia, na nikilia mimi huwa nalia kwa hasira, basi nikapata sauti. "Nimemkataa mimi! Nimemwambia nyumba kumi ni kumi. Miaka kumi na minne anakaa hapa, na mimi namwambia msimu ukiisha arudi kwao! Na Boazi naye alimkataa, asijifiche nyuma ya watu!"

Watu wakacheka, Boazi akatamani mtaro ummeze. Lakini Saruni hakucheka. Akapiga piga fimbo kwenye buti yake.

"Mtaro umekamilika," akasema. "Mabomba yenu Jumatatu." Vigelegele! Akainua mkono tukanyamaza. "Orodha naifunga siku lori likifika. Mpaka hapo kila nyumba iliyochimba naiandika. Mimi sijaambiwa na mtu kwamba nyumba kumi haziwezi kuwa kumi na moja."

"Lakini hakuna pa kuchimba tena," nikasema. "Pote pamekwisha."

"Kuna tawi la kwenda korongoni. Hamkulipima kwa sababu mlisema kule hakuna mtu. Hatua ngapi kutoka hapa, bwana Alfonsi?"

Alfonsi alikuwa amezishika hesabu hizo siku nyingi, nadhani. "Ishirini," akajibu upesi. "Kama utaweka bomba juu, pale penye matete."

Jumamosi nikaamka mapema nikapima hatua ishirini kutoka kwenye mtaro mkubwa hadi penye matete. Nikapigilia vijiti. Yohani alikuwa amepita nyumba kwa nyumba jana yake bila kuniambia, na kabla sijamaliza kufunga kamba wakaanza kuja. Wote tisa wa nyumba zangu. Boazi na watu wake wanne. Xavery mwenyewe, katibu mzima, amekunja suruali. Hakuna aliyesema tumekuja kuomba radhi. Waliingia tu wakaanza kuchimba, wanaimba, udongo unaruka. Moyo wangu ulikuwa umejaa hata nikashindwa kuimba nao. Nikasema leo huyu mtu atalia.

Alfonsi akatokea na sururu yake. Akasimama. Akatazama. Walikuwa wamekwishafika magotini kwa upande wa juu.

"Tokeni!"

Hatujawahi kusikia sauti ile. Tulidhani ni mtu mwingine.

"Tokeni humo! Nani amewaita?"

"Tunakusaidia, bwana," Yohani akasema, udongo mpaka kwenye nyusi.

"Zako ulisaidiwa na nani?" Alfonsi akageuka. "Na zako, Boazi? Na wewe, katibu? Kila mtu kachimba za kwake, nimewaona, nilikuwa nimesimama pale nawatazama kila siku. Hizi ni zangu! Tokeni kwenye mtaro wangu!"

Wakatoka, mmoja mmoja, kama wamefumaniwa kwenye shamba la mtu. Alfonsi akafika ukingoni, akatazama ndani lile shimo walilolichimba.

"Na udongo rudisheni," akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Boazi akanitazama, nami nikamwonesha koleo kwa kidevu. Wakarudisha. Xavery naye akarudisha. Wakaukanyaga kanyaga mpaka ardhi ikawa sawa. Alfonsi akavua koti, akampa Ester. Akaenda penye kijiti cha kwanza, akatema mate viganjani, akainua sururu.

Hakuna aliyeondoka. Tulikaa ukingoni sisi sote, na viazi vyetu na chai yetu, mchana kutwa, tukimtazama. Jumapili baada ya misa tukakaa tena. Kuelekea jioni alitoka penye matete, kiuno kizima chini ya ardhi, akapanda juu, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja moja kwa moja mpaka nilipoketi na daftari langu.

"Sasa andika," akasema.

Nikaandika.